Aliuliza Kura Ngapi, Nikamuuliza Uko wa Wapi

Barua ya wazi kwa wasimamizi wa makundi ya WhatsApp ya Likasi, na kwa vijana wanaochora na kusambaza picha za matokeo ya kura

Ndugu wasimamizi, na ninyi wanangu mnaochora,



Mimi ni mwalimu wa hesabu niliyestaafu. Nimefundisha asilimia katika mji huu kwa chaki, kwa kipande cha mkaa chaki ilipokosekana, na mara nyingi kwa embe lililokatwa mbele ya darasa, maana mtoto mwenye njaa huelewa robo upesi kuliko aliyeshiba. Baadhi yenu mlikaa kwenye madawati yangu, na leo mnasimamia makundi ambamo mimi ni mshiriki tu, mzee wa kutuma salamu za Jumapili. Ningeweza kuwafuata mmoja mmoja faraghani. Nimechagua kuandika hadharani kwa sababu kosa ninalotaka kulizungumzia nililifanya hadharani, na nitaanza na la kwangu kabla ya kugusa ya kwenu.

Ilikuwa jioni ya 22 Desemba 2023, siku mbili baada ya siku ya kura ya rais. Tume ya uchaguzi ya Kongo, CENI, ilikuwa imeanza kutangaza matokeo kule Kinshasa, katika kituo ilichokiita Bosolo, neno la Kilingala lenye maana ya ukweli. Kura za kwanza kutangazwa zilikuwa za Wakongo waishio nje, katika nchi tano ambako waliruhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Haukupita muda, picha ikaingia kwenye simu yangu. Duara zuri, rangi za bendera pembeni, kipande kimoja kimemeza karibu duara zima, na juu yake maandishi makubwa: MATOKEO YA RAIS, RDC. Hapakuwa na neno lolote kwamba hizo ni kura za nje tu. Sikuuliza. Niliituma kwenye makundi matatu: la familia, la parokia, na la walimu wa zamani.

Katika lile la walimu, mtu ambaye jina lake halikuwa kwenye simu yangu, namba yake ikianza na +27 ya Afrika Kusini, aliandika hivi: “Bonsoir Mwalimu. Ile duara ni kura ngapi?”

Nikamjibu: “Weye ni nani? Uko wa wapi?”

Watu wakacheka. Mmoja akaongeza neno kuhusu watu “wa kule”. Mwingine akatuma sauti ya dakika mbili ambayo sitairudia. Kisha namba ile ikaondoka kundini. Hakurudi tena, na mpaka leo sijui alikuwa nani.

Wanangu, katika miaka yote niliyosimama ubaoni, hilo ndilo swali nililokuwa nikiomba mwanafunzi aniulize. Asilimia sabini, themanini, tisini: za nini? Za ngapi? Anayeuliza “kura ngapi” ameielewa asilimia kuliko aliyechora duara na kuliko mwalimu aliyeisambaza. Darasani ningemwambia asimame, wenzake wampigie makofi. Kwenye simu nilimuuliza kwao ni wapi.

Nanyi mnajua kwamba hapa Likasi swali hilo si jepesi.

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa mwaka 1992. Tarehe 15 Agosti mwaka huo, wajumbe wa Konferansi ya Taifa mjini Kinshasa walipiga kura na kumchagua Étienne Tshisekedi, mtoto wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Aliyempisha kwenye kiti alikuwa Nguza Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga. Habari ya kura ile ilifika huku kwa redio, kisha ikapita mikononi mwa redio trotwari, yaani uvumi wa mitaani, ambayo nayo ilikuwa mtandao wetu wa siku hizo: bila waya, bila umeme, na bila mtu wa kumuuliza habari hii umeipata wapi. Wakubwa wa siasa wakaikoleza. Katika wiki zilizofuata, “uko wa wapi” likawa swali linaloulizwa mlangoni usiku.

Familia za Kasai, ambazo nyingi babu zao waliletwa huku na kampuni ya Union Minière kufanya kazi ya shaba, zilifukuzwa kwenye nyumba zao. Zikaitwa bilulu, wadudu. Watu maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni ya treni ya mji huu na kwenye majengo ya shule, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuikanyaga. Njaa na magonjwa viliua watu, hasa watoto, pale pale stesheni na ndani ya mabehewa. Mimi niliendelea kufundisha. Nilikuwa naita majina kwenye rejista asubuhi, na kuna majina niliyoendelea kuyaita kwa siku kadhaa huku nikijua kwamba hayataitikiwa, kwa sababu kuyaruka kulinishinda.

Sisemi kwamba picha ya duara itawalaza watu stesheni. Nasema kwamba katika mji huu, matokeo ya kura ya mbali yaliwahi kugeuzwa kuwa hesabu ya nani ni nani kwenye mtaa, na njia iliyotumika ilikuwa fupi sana. Mtu aliyeshika picha ya kura Likasi ameshika kitu chenye historia, kama vile anayechimba msingi wa nyumba karibu na mgodi wa zamani: hawezi kupiga sururu bila kuuliza chini kuna nini.

Sasa nije kwenye kazi yenu, maana naiheshimu. Kuchora takwimu zikaeleweka ni ualimu. Kuna mama anayeuza unga sokoni ambaye hawezi kusoma jedwali la kurasa arobaini, lakini akiona nguzo mbili, moja ndefu na nyingine fupi, ameelewa. Kwa hiyo siwaombi muache. Nawaonyesha tu jinsi picha ya kweli inavyoweza kudanganya, kwa namba ambazo sote tunazo.

CENI ilitangaza 31 Desemba 2023 kwamba Félix Tshisekedi amepata asilimia 73.34. Mahakama ya Katiba, 9 Januari 2024, ikathibitisha ushindi wake kwa asilimia 73.47. Moïse Katumbi, ambaye aliwahi kuwa gavana wetu wakati Katanga ikiwa bado moja, alikuwa wa pili kwa asilimia 18 na kidogo. Chora duara: karibu robo tatu ni za mtu mmoja. Duara hilo ni sahihi. Sasa chukua namba zenyewe. Walioandikishwa walikuwa karibu milioni 44. Kura zilizohesabiwa zilikuwa milioni 18 hivi. Za mshindi zilikuwa milioni 13. Chora duara la pili, la wote walioandikishwa: mshindi ana karibu asilimia 30, na kipande kikubwa kuliko vyote ni cha watu ambao kura zao hazimo, waliokaa nyumbani, au waliofika wakakuta biro ya kura haijafunguliwa, mashini haina chaji, jina halipo ukutani.

Duara la kwanza linajibu swali: nani ameshinda? La pili linajibu: wangapi wamesema? Yote mawili ni ya kweli. Lakini anayetuma la kwanza peke yake akaandika “Taifa zima limesema”, na anayetuma la pili peke yake akaandika “Watu wamemkataa”, wote wawili wamechukua hesabu yangu ya darasa la sita wakaifanya manati.

Ramani ndizo zenye ujanja zaidi. Mnapaka mkoa mzima rangi ya aliyeongoza. Mkoa wa Tshopo una ukubwa wa kilomita za mraba karibu laki mbili. Mji-mkoa wa Kinshasa hauzidi kilomita za mraba elfu kumi. Kwenye ramani Tshopo ni Kinshasa ishirini. Kwenye sanduku la kura Kinshasa inaipita Tshopo mbali sana. Msitu umepakwa rangi, na msitu haupigi kura. Na ndani ya mkoa uliopakwa rangi moja kuna watu laki kadhaa waliochagua vingine, ambao brashi yenu imewafuta. Hapa Haut-Katanga tunaishi pamoja, rangi mbili tatu kwenye parcelle moja, kiwanja kimoja, tunachota maji kwenye bomba moja. Ramani inayoonyesha mkoa wote kuwa wa fulani inamwambia jirani yangu kwamba yeye ni mgeni, ingawa amezaliwa Panda, hapahapa Likasi.

Mzee mwenzangu anaikumbuka ramani ya mwaka 2006. Duru ya pili, Oktoba 29: Joseph Kabila asilimia 58.05, Jean-Pierre Bemba 41.95. Ilipopakwa rangi, nchi ilionekana imekatwa kwa kisu: mashariki wanakosema Kiswahili upande mmoja, magharibi wanakosema Kilingala upande mwingine. Watu waliitazama wakasema, basi sisi ni nchi mbili. Lakini kwenye kila upande walikuwapo waliochagua wa upande wa pili. Na kuna mtego mwingine kwa wale wanaopenda kulinganisha ramani ya zamani na mpya: hadi 2015 tulikuwa na mikoa 11, leo ni 26. Katanga ya 2006 imezaa mikoa minne. Ukiweka ramani mbili bega kwa bega bila kusema hivyo, unamlinganisha mama na mmoja wa watoto wake, kisha unasema familia imepungua.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wachoraji ni hili. Andikeni ndani ya picha yenyewe, si chini yake, mambo manne: namba hizi zimetoka wapi, ni za tarehe na saa ngapi, ni za biro ngapi kati ya zote, na ni kura ngapi kwa idadi, si kwa asilimia tu. Mwaka 2023 biro zilikuwa kama 75,000 nchi nzima. Picha inayosema “biro 900 kati ya 75,000” imejieleza. Hata mtoto ataona kwamba safari bado ndefu. Nasema ndani ya picha kwa sababu mnajua jinsi zinavyosafiri. Maelezo ya chini hubaki kwenye kundi la kwanza. Picha husonga mbele peke yake, kama mtoto aliyetumwa safari bila karatasi, na akifika kizuizini hana la kusema.

Na jueni kwamba matokeo ya mwanzo si mfano mdogo wa matokeo yote. Hutangulia yale ya mahali penye barabara, umeme na mtandao. Kura ya 2023 ilipangwa kuwa ya siku moja, lakini kuna mahali ilikoendelea kwa siku kadhaa baadaye. Anayepaka rangi ya ushindi siku ya pili anapaka ramani ya lami.

Mtaniambia: Mwalimu, tatizo si sisi, tatizo ni namba zenyewe. Hapo tuko pamoja. Baada ya kura ya 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu siku ishirini. CENI ikatangaza, 10 Januari 2019, Félix Tshisekedi asilimia 38.57, Martin Fayulu karibu 34.8. Matokeo ya biro moja moja hayakuchapishwa. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi kama elfu arobaini, likasema namba hizo hazilingani na zilizokusanywa na watu wake. Tarehe 15 Januari gazeti la Financial Times la London likachapisha uchambuzi wa data zilizovuja, uliompa Fayulu asilimia 59.4. Mahakama ya Katiba ikaithibitisha hesabu ya CENI, na nchi ikaendelea na mzigo wa namba mbili.

Sirudishi kesi ile. Natazama adabu ya kazi. Gazeti lile liliandika wazi kwamba data zake zilikuwa za asilimia 86 ya kura, kwamba zilitoka kwenye mashini za kupigia kura, na kwamba lilizilinganisha na za waangalizi wa Kanisa. Msomaji asiyekubali alijua aanzie wapi kubisha. Hiyo ndiyo tofauti kati ya picha inayokukaribisha ubishane nayo na picha inayokuamuru uiamini.

Tazameni pia Kenya, Agosti 2022. Tume yao iliweka kwenye intaneti fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, kila mtu azisome. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha, kila kimoja kwa mpangilio wake, na kwa siku kadhaa runinga moja ilionyesha William Ruto yuko mbele, nyingine Raila Odinga. Watu walichanganyikiwa, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Lakini aliyetilia shaka picha aliweza kwenda kwenye fomu. Kwa sababu hiyo nawageukia kwa aya moja mabwana na mabibi wa CENI: kura nyingine ya rais inatarajiwa 2028. Wekeni hadharani matokeo ya kila biro, kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuyasoma na kijana wa Likasi anaweza kuyachora usiku uleule. Mkiacha pengo, litajazwa na mtu mwenye programu ya kuchora na hasira. Kisha msituletee sheria ya dijitali ya Machi 2023 kumkamata aliyejaza, huku aliyeacha pengo amekaa.

Sasa nirudi kwa yule mtu wa +27, maana yeye ndiye aliyenifanya nikae kuandika.

Tuna mazoea ya kudhani kwamba mtu tusiyemjua akiuliza, amekuja kutupiga. Lakini kumbukeni mwaka 2011. Baada ya kura ya Novemba 28, waangalizi wa Carter Center walisoma jedwali la matokeo wakaona kwamba katika baadhi ya maeneo ya Katanga yetu, Malemba-Nkulu likiwemo, waliojitokeza walikuwa karibu asilimia mia, na karibu kura zote zilikuwa za mtu mmoja. Wakaandika kwamba haiwezekani. Wakaandika pia kwamba Kinshasa matokeo ya biro karibu elfu mbili yalipotea. Sisi wenyeji tuliyatazama majedwali yaleyale. Mwalimu wa hesabu aliyafunga akaenda kunywa chai. Swali la wazi, kwamba katika wilaya nzima hakuna aliyeumwa, aliyefiwa, aliyesafiri, wala aliyekufa tangu kuandikishwa, liliulizwa na wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, utuambie kwanza baba yako ni kabila gani.

Najua mtakaloniuliza. Je, si kuna waliotumwa? Wapo. Kuna namba za bandia, kuna vijana wanaolipwa mega za intaneti na bia kuja kuvuruga kundi, kuna wanaouliza swali wakiwa na kisu nyuma. Mimi nimetumia kipimo kimoja tangu siku ile na hakijaniangusha: je, swali lake lina jibu? “Kura ngapi?” lina jibu. “Chanzo ni kipi?” lina jibu. “Mbona jumla ni asilimia 104?” lina jibu, na jibu hilo litakuokoa. Lakini “Ninyi watu wa huko ni wezi siku zote” halina jibu, kwa hiyo halijibiwi. Swali lenye jibu nalijibu hata kama aliyelileta ni shetani, kwa sababu chini yake kuna watu mia mbili waliolisoma kimya, na mama wa sokoni ni mmoja wao. Hawataandika kitu. Watatazama kama nimejibu.

Na lisilo na jibu? Sentensi moja, ya upole, kisha simu mfukoni. Asubuhi nyingine huwa nashukuru kwamba umeme ulikatika usiku kabla sijamaliza kuandika.

Namna ya kujibu nayo tumeisahau, ingawa tumelelewa nayo. Mtu akifika kwenye parcelle akaita odi, hatumwachi kwenye jua tukimchungulia dirishani. Tunaitika karibu, tunampa kiti, tunasalimiana, halafu ndipo tunasikia lililomleta. Kwenye simu tunafanya kinyume: tunasoma, alama mbili zinageuka bluu, tunanyamaza, kisha tunapiga picha skrini na kuwapelekea wenzetu wamcheke kundi lingine. Usimwite mtu usiyemjua “weye”. Mwite ndugu, mwite mama au papa ukiona ni mkubwa, mwite yaya, yaani kaka au dada mkubwa, ikiwa huna uhakika. Heshima iliyozidi haijawahi kumvunja mtu mguu. Kama hujui jibu, sema “natafuta, nitarudi”, na urudi. Kama yeye ndiye aliyekosea, msahihishe kosa lake bila kugusa lafudhi yake ya Kiswahili. Ukimfuata faraghani, yaliyosemwa faraghani yabaki huko. Wala usitume sauti ya dakika nne kwa mtu uliyemjua leo. Amenunua mega zake kidogo kidogo kwenye kabini ya simu chini ya mwavuli, na hajui kama ndani ya dakika hizo kuna jibu au mahubiri.

Kwenu wasimamizi nina maombi matatu tu. La kwanza, msimtoe mtu kundini kabla swali lake halijajibiwa. Akishajibiwa, akaendelea kutukana, mtoeni kwa amani. La pili, msifunge kundi ili waandike wasimamizi peke yao mara tu picha mbaya inapoingia. Hapo mmefunga mlango moto ukiwa ndani. La tatu ndilo gumu: kosa lisahihishwe mahali lilipotendwa. Kama picha ya uongo ilitumwa kwenye makundi matatu, masahihisho yaende matatu. Na yawe picha vilevile, kubwa kama ile ya kwanza, ikiwa na mstari juu ya namba mbovu na namba sahihi pembeni. Kufuta ile ya zamani hakutoshi. Imeshalala kwenye simu za watu pamoja na picha za harusi, na siku ya ugomvi itaamka.

Hilo la tatu mimi mwenyewe sikulifanya. Niliposoma kesho yake kwamba zile zilikuwa kura za nje, niliifuta picha kwenye makundi mawili, kimya kimya. Kwenye la walimu sikuifuta, nikatuma picha ya mti wa Krismasi ili ile ya duara ipande juu isionekane. Mwalimu wa hesabu.

Kuna kijana wa Kikula ambaye huwa ananisaidia simu inapokwama. Nilipomwomba anitafutie ile namba ya +27 kwenye orodha ya waliotoka, aliniambia hiyo imeshapita, hata tukiipata huenda mwenyewe ameibadilisha. Akaniuliza: “Mwalimu, ulitaka kumwambia nini?” Nikamwambia nilitaka kujibu swali lake. Akashangaa kidogo. Alidhani nilitaka kuomba msamaha.

Nataka yote mawili, lakini swali limesubiri muda mrefu zaidi, na barua ya wazi huweza kufika mahali ambapo namba ya simu haifiki. Basi nimjibu hapa, mbele yenu, kama nilivyomkosea mbele ya watu.

Karibu, ndugu, au yaya, au mama. Sikujua nikuite nani na sikuuliza kwa heshima. Uliuliza ile duara ni kura ngapi. Zilikuwa kura za Wakongo wa nchi tano za nje peke yake. Walioandikishwa huko kote hawakufika hata elfu 20, katika nchi yenye walioandikishwa karibu milioni 44. Yaani chini ya mtu mmoja katika kila elfu mbili. Duara nililolituma kama matokeo ya nchi lilikuwa, kwa kipimo cha ubaoni, vumbi la chaki linalobaki kidoleni. Swali lako lilikuwa sahihi. Kichwa cha picha kilikuwa cha uongo, na mimi niliyekisambaza ninajua hesabu.

Lile la kwangu, uko wa wapi, nalifuta. Hukuwa na haja ya kulijibu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa hesabu
Kikula, Likasi